Siku Kumi Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Kazi yangu ni mdomo. Nakaa mapokezi kwenye zahanati moja ya Tegeta, na tangu asubuhi mpaka jioni nasema na watu: kaa hapa, cheti chako kiko wapi, mama usilie, braza hiyo foleni huioni? Nimezaliwa Temeke na kukulia Temeke, na pale mtoto wa kike anayemeza maneno ataonewa mpaka azeeke. Wazazi wangu walitoka Masasi. Kwetu huko kusini mtoto ni wa upande wa mama, na likitokea jambo anaitwa mjomba kwanza, baba atajulishwa. Nayasema haya mapema ili ujue nilikwenda kwenye ile milima nikiwa mtu wa namna gani.

Mume wangu ni mtu wa Ileje, mpakani kabisa, ambako ukisimama mlangoni unaiona Malawi ng'ambo ya mto. Tulioana Dar. Kwa upande wake alikuja baba yake mdogo kuwawakilisha wazee, wenyewe hawakuweza safari. Tukajenga Madale, vyumba viwili na sebule, tukapata binti, na kila mwaka nikawa na sababu ya kutokwenda kwao. Mara likizo imekataliwa, mara mtoto ana homa, mara mvua. Binti alipotimiza miaka minne mume wangu akasema wazee wanataka kumwona mjukuu, na safari hiyo hakuniuliza, alinijulisha. Nilikuwa na mimba ya pili ya miezi mitatu, natapika hata nikisikia harufu ya sabuni. Nikafunga mizigo hivyo hivyo.

"Kuna mila kidogo kule," aliniambia tukiwa kwenye basi, tumeshaipita Mikumi.

"Mila gani?"

"Za wakwe. Utaelekezwa."

Akaegemeza kichwa dirishani akalala. Jamani, mwanaume mzima, safari ya kutwa nzima mmekaa bega kwa bega, na hayo ndiyo aliyoona yanatosha kuniambia.

Tulilala Mbeya. Kesho yake, siku ya Alhamisi, tukapanda gari la Ileje, na barabara ilipoishia tukachukua bodaboda mbili, mie na mtoto kwenye moja, yeye na mabegi kwenye nyingine. Sie wa Madale tunajionaga watu wa milimani kwa sababu gari likija kwetu linabadilisha gia. Nilipoiona milima ya kwao nikanyamaza. Migomba na mahindi vimepandwa kwenye miteremko ambayo mbuzi wa Madale angekataa kusimama, ukungu unapita chini yako badala ya juu yako, na njia ni tope jekundu mkono huu, korongo mkono ule. Nilifumba macho nikamshika mwanangu, nikasali sala zote ninazozijua.

Tulifika alasiri. Nyumba ya matofali, bati limepata kutu, jiko la udongo limejengwa peke yake pembeni, na katikati uwanja umefagiliwa ukafagilika. Kwenye benchi lililoegemea ukuta wa jiko alikaa mzee amevaa koti zito na kofia. Nikajua huyu ndiye baba mkwe. Nikafanya kile ambacho mama yangu alinifunza tangu sijaota meno ya pili: nikamwendea moja kwa moja, nikapiga goti, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamtazama usoni kwa heshima zote.

"Shikamoo baba."

Mzee akauvuta mkono kama ameshika sufuria ya moto. Akajifunika uso kwa kofia, akageukia ukutani. Kabla sijasimama, mwanamke mmoja mdogo wa umbo alitoka jikoni mbio, akanitupia kanga kichwani, akanikamata kiuno akaniburuta ndani. Mlango ukafungwa. Nikajikuta gizani, moshi machoni, sijui nimeua au nimeiba.

Yule alikuwa mama mkwe. Alinikalisha kwenye kigoda, akanifuta machozi kwa kiganja kigumu.

"Pole mwanangu. Hukuambiwa?"

Ndipo akanieleza. Kwao kule, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawashikani mikono, hawakai nyumba moja, na jina lake huruhusiwi hata kulitamka. Ukikutana naye njiani unatoka njiani, unachuchumaa, unampa mgongo, unajifunika mpaka apite. Naye ana adabu yake: akikaribia mahali ambapo huenda upo, anakohoa, ili uwahi kujificha. Aliniambia hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote mtu anayoweza kumpa mkwe wake. Na mie na shikamoo yangu ya Temeke nilikuwa nimemvua mzee nguo mbele ya watu.

Siku ile mzee alikwenda kulala kwa mdogo wake, yule baba mdogo aliyekuja harusini, mpaka aibu ipoe. Nililia. Mume wangu akacheka kidogo, akasema nitazoea.

Nilizoea nini? Mzee alirudi Ijumaa na kukaa palepale, nami kulala na kushinda ikawa jikoni. Alikuwa na kifua kibovu, na baridi ya kule inaingia mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo mahali pake ilikuwa benchi lile, mgongo kwenye ukuta wa jiko uliopashwa na moto, uso kwenye jua. Asubuhi anakohoa, mie ndani. Anaingia nyumbani kula, natoka, najinyoosha, sijamaliza hata kupiga mwayo, nasikia kikohozi, ndani tena. Na choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Mwenzangu, mwanamke mwenye mimba na choo ng'ambo ya uwanja! Nilijifunza kunywa chai mafunda mawili tu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Yangu ilikuwa kifua cha mzee.

Mume wangu hakuwa na kamba. Aliondoka asubuhi na vijana wa rika lake kwenda mnadani au ng'ambo ya mto, akirudi ananukia pombe ya ulezi na kuniuliza kama nimekula.

Kilichonichosha zaidi kuliko moshi ilikuwa maongezi. Mzee alikuwa anajua Kiswahili kizuri kuliko changu, aliwahi kuwa karani wa ghala la kahawa. Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nilimsikia nje, hatua mbili kutoka nilipokaa, anasema taratibu, "Mwulize mgeni kama amelala salama."

"Nimelala salama, baba," nikajibu.

Mama mkwe aliingia haraka, akaniwekea kidole mdomoni.

"Hujasikia," akasema.

"Nimesikia mama, si yuko hapo tu?"

"Kwa mkwe husikii. Unaambiwa. Na yeye hasikii, anaambiwa. Neno nisilolipeleka mie halijasemwa."

Akasimama kizingitini. Akanigeukia: "Baba anauliza umelalaje." Nikajibu. Akageukia uwanjani: "Anasema amelala salama." Na mzee nje akaitikia kana kwamba habari imetoka Dodoma.

Siku ya nne nilikuwa na hasira. Akauliza kama nahitaji chochote. Nikasema kwa sauti, "Mwambie huu moshi utaniua, mie si samaki wa kukaushwa." Mama mkwe akageukia nje: "Anasema anashukuru kwa kuni." Naye mzee akasema, "Mwambie karibu sana." Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Hapo ndipo nilipocheka mara ya mwisho kwenye ile milima.

Mwanangu ndiye aliyekuwa huru. Kwake babu ni babu. Nilikuwa namchungulia kwenye ufa wa ukuta: yuko kwenye goti la mzee, anavuta vifungo vya koti, yuko nyuma ya bibi yake na kindoo kidogo kichwani, maji yanamwagikia shingoni, anacheka. Siku tatu tu akawa anawaamkia majirani kwa lugha ya kwao. Mama mkwe alikuwa anamsuka asubuhi, anamfumua jioni, kesho anamsuka upya, na nywele hazikuwa na kosa lolote. Watoto wake wote walikuwa mijini. Alikuwa amebaki na mzee na mlima, na alikuwa hafichi kwamba mtoto yule amemrudisha ujana.

Siku ya tano, Jumatatu, nilimkuta jikoni anampima mwanangu kwa uzi, begani mpaka gotini, anafunga fundo.

"Gauni hilo mama?" nikauliza.

"Sare."

"Sare ya nini?"

"Ya chekechea. Si anaanza Jumatatu ijayo?" Akanitazama. Uzi ukamshuka mkononi. "Hukuambiwa?"

Hakika, maji yalinifika shingoni saa ile. Mume wangu aliporudi nilimvuta nyuma ya jiko, kwenye mahindi. Nilikuwa nimeshika sufuria, nikaiweka chini kwanza maana najijua.

Alinieleza akiwa anaangalia viatu vyake. Mtoto wa kwanza wa kila mtoto wa kiume hulelewa na babu na bibi mpaka amalize darasa la saba, ndivyo nyumba yao inavyokwenda. Baba yake hakutaka aoe mtu wa mbali, mtu wa kusini, ambako alisikia kwamba watoto wanachukuliwa na wajomba. Akakubali kwa sharti kwamba wa kwanza atapelekwa milimani. Mume wangu akasema ndiyo.

"Mie uliniambia lini?"

"Nilijua utakataa."

"Kwa hiyo ukanileta huku kama mbuzi wa mnadani, na kamba umeificha mfukoni."

"Ni miaka minane tu. Na tumboni una mwingine."

Nilimwangalia huyu mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, nikaona simjui hata kidogo.

"Nenda kamwambie baba yako hapana," nikasema.

"Siwezi kurudisha neno nililompa baba. Mwenye haki ya kukataa ni mama wa mtoto. Jumamosi wataitisha kikao, utaulizwa. Ukisema hapana, ni hapana."

"Na nitasemaje na mtu ambaye siruhusiwi hata kumwona?"

"Utasema kwa mama," akajibu, akaokota sufuria akanipa.

Basi nikawa na siku tano za kungoja. Nilipanda mteremko wa nyuma ya jiko, mpaka kwenye jiwe ambako walisema mtandao unashika, nimpigie mjomba wangu Mbagala. Simu ikashika minara ya Malawi, ikanikaribisha nchi ya watu, ikala salio lote kabla mjomba hajasema haloo. Nikaona sina wa kunisemea.

Jumatano alfajiri ukungu ulikuwa mzito. Mume wangu anakoroma, mama mkwe amekwenda kuchota maji. Nilimbeba mwanangu mgongoni, nikamfunga kwa kanga mbili, nikachukua pochi tu, nikashika njia ya kuteremka. Mpango wangu ulikuwa kufika chini kwenye bodaboda, basi. Hayo mengine ningeyajua mbele. Miguu ilikuwa na furaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima natembea hatua zaidi ya ishirini.

Sikufika mbali. Pale njia inapokuwa nyembamba, kulia mwamba, kushoto korongo, nikasikia kikohozi mbele yangu. Anapanda. Hata leo sijui alikuwa anatoka wapi saa ile. Hapakuwa na pa kujitupa, kwa hiyo nikafanya nilichofundishwa: nikachuchumaa, nikageuza mgongo, nikajifunika. Na mgongo ndio uliokuwa na mtoto.

"Babu!" mwanangu akapiga kelele. "Babu, mama amekaa kwenye matope!"

Mzee akakohoa. Nikangoja apite. Hakupita. Alisimama hatua chache kutoka kwangu, anakohoa kidogo kidogo, anangoja. Maji yalikuwa yanaingia kwenye viatu vyangu, mtoto anajinyonganyonga kumtaka babu yake. Sikuweza kusimama nimpite, sikuweza kumwambia nipishe, sikuweza hata kugeuza shingo nione kama amekasirika au anatabasamu. Labda alijua natoroka. Labda alikuwa anangoja tu mkwe wake apate adabu ya kurudi nyuma, maana njia haikutosha watu wawili wasioonana. Nimejiuliza mara nyingi. Mwishowe nilirudi, nikitembea nimejiinamia, naye anakuja nyuma kwa mbali, na kila nikipunguza mwendo anakohoa. Alinirudisha mpaka jikoni bila kunigusa na bila kuniambia neno. Mama mkwe aliona matope kwenye magoti yangu, akaniwekea maji ya moto kwenye beseni.

Jumamosi alasiri mvua ilikatika na jua likatoka. Walikaa nje: mzee kwenye benchi lake, baba mdogo kwenye kiti kama shahidi, mume wangu kwenye gogo. Mama mkwe alisimama kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Mtoto alikuwa anacheza kwa jirani. Mie nilikaa ndani karibu na mafiga, nauona ukosi wa koti la mzee kupitia ule ufa. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga siku tano: sikubali, naondoka na mwanangu. Nilikuwa nimeyasema kichwani mpaka yakawa yanajisema yenyewe.

Mzee aliongea polepole, kwa Kiswahili, ili nielewe.

"Mwambie mama wa mtoto kwamba hatumnyang'anyi. Tunamwomba. Mie nililelewa na babu yangu kwenye uwanja huu, na mwanangu wa kwanza alilelewa hivyo hivyo na wazazi wangu. Mwambie nimeona mtoto ana akili, na amelelewa vizuri. Na mwambie kwamba akikubali, nitamfungulia leo hii. Atoke, anipe mkono wake ule alionipa siku ya kwanza, nami nitaupokea. Hatajificha tena. Atakaa na sie uwanjani kama binti yangu."

Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningekuwa na la kumwambia.

Mama mkwe akanigeukia, akarudia yote, neno kwa neno, macho yake kwenye macho yangu. Kisha akangoja.

Nikafumbua mdomo. Sasa hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, kwa sababu sijawahi kuisema kwa mtu. Sikumfikiria mwanangu. Nilihisi moshi kifuani, na kibofu kimejaa tangu saa nne asubuhi, na magoti yanauma, na mlangoni nikaona kipande cha jua kwenye udongo mkavu. Nilitaka kutoka. Haki ya Mungu, hilo tu ndilo nililolitaka: kutoka nje, kusimama wima, mtu anione, niende chooni bila kuvizia. Siku kumi zilikuwa zimenila mpaka nikabaki na haja hiyo moja.

"Sawa," nikasema. "Abaki."

Sikunong'ona. Nilisema kwa sauti yangu ya mapokezini. Niliona ukosi wa koti unainuka. Mume wangu aliachia pumzi, nikaisikia kutoka kule ndani. Walisikia wote.

Mama mkwe alinitazama kwa muda. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtu anayehesabu mishono. Halafu akageukia uwanjani.

"Anasema hapana," akasema. "Anasema mtoto ni wake, na kesho anaondoka naye."

Baba mdogo alisema kitu kwa lugha ya kwao, haraka, amekasirika. Mzee akainua mkono kumnyamazisha.

"Amesemaje?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Amesema hapana."

Alikuwa anampa mkewe nafasi ya kujirekebisha, na mkewe aliikataa. Mzee angefanya nini? Ili amwite mkewe mwongo ingebidi akiri mbele ya mdogo wake na mtoto wake kwamba ameisikia sauti ya mkwe wake. Alivua kofia, akaiweka gotini. Mume wangu hakunyanyua kichwa.

"Mwambie safari njema," mzee akasema. Akainuka, akaenda ndani ya nyumba.

Mama mkwe aliingia akachochea moto. Kuni moja ikamdondoka, akaiokota.

"Mama," nikasema, "mie sikusema hivyo."

"Najua ulichosema."

"Sasa kwa nini? Si wewe ndiye uliyekuwa unamtaka kuliko wote?"

Aliteleka sufuria ya maji kwanza.

"Wa kwanza wangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu," akasema. "Mkwe wangu alikaa benchi lile, mama mkwe wangu alisimama pale mlangoni. Nikaulizwa. Mie pia nilikuwa nimechoka. Nikasema sawa. Naye akalipeleka neno langu kama lilivyo. Sie tukarudi kwenye kazi ya ghala, mtoto akabaki." Akafunika sufuria. "Leo mwanangu huyo ana wajukuu, yuko mjini ng'ambo ya mto. Akija ananiamkia vizuri sana, anauliza afya, anaondoka. Nipe chumvi hiyo."

Nikampa chumvi.

Tuliondoka Jumapili asubuhi. Mwanangu alilia kutoka kule juu mpaka Mbeya, analia jina moja tu, bibi, bibi, mpaka abiria wakaniangalia kama nimemwiba. Bibi mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba, mikono ameifungia ndani ya kanga. Hakupunga. Alirudi kwenye uwanja ule, kwa mwanaume aliyejua amedanganywa, na wakaishi pamoja wawili tu mlimani. Alichosemeshwa au kunyimwa baada ya hapo sikijui. Hakuwahi kunilalamikia.

Ni miaka minane sasa. Madale wananijua kama mwanamke aliyesimama mbele ya wazee wa watu na kuwaambia hapana. Mume wangu ndiye aliyeieneza habari hiyo, ananisifia kabisa mbele ya wageni, naye alisikia kwa masikio yake nilichosema. Mie nainuka naenda kuangalia sufuria. Kwenye jumuiya yetu, mtu akionewa na mawifi, analetwa kwangu nimpe moyo, nami nampa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wananiambia, nami naitikia.

Mama mkwe anapiga kila Jumapili baada ya ibada. Anaongea na mjukuu wake, kwa Kiswahili na vile vineno viwili vitatu vya lugha ya kule ambavyo mtoto amevibakiza. Kila mara anauliza tunakwenda lini, na kila mara nina sababu: likizo, ada, huyu mdogo ana kifua. Mume wangu ameshakwenda peke yake mara tatu. Mzee alifariki mwaka juzi. Nilisema nina kikohozi sitaweza safari, mume wangu akaenda kuzika peke yake. Sasa hakuna wa kujificha mbele yake kule, naweza kukaa uwanjani kutwa nzima nikitaka, na bado siendi. Sina shida na barabara wala baridi. Nashindwa tu kukaa mbele ya yule mama na kumtazama, kwa sababu wengine walilisikia neno langu tu, ila duniani pote yeye pekee ndiye anayejua kwamba nilimtoa mwanangu ili nipate kutoka jikoni. Basi namwadhibu kwa hilo. Alinirudishia mtoto wangu, na mie sijampelekea hata siku moja akamwona.

Jumapili iliyopita binti yangu alimaliza kuongea naye, akaniletea simu imeshakatwa. Ana miaka kumi na miwili, amenizidi kimo. Alisimama mlangoni, haingii wala hatoki.

"Bibi anasema miguu imevimba, hawezi tena kwenda shamba," akasema. Kisha akaniuliza, taratibu, bila ubaya wowote, "Mama, kwani bibi alikukosea nini?"